Mkojo wa Mzee Ughaibuni: Bakteria Wapo, Ugonjwa Haupo

Swali linalorudiwa na watu waliompokea mama au bibi kutoka nyumbani ni kwa nini kliniki za Uingereza humkatalia aliyevuka miaka 65 kijiti cha kupimia mkojo, ilhali kwao angepimwa kabla hajamaliza kueleza shida yake. Wengi huliona hilo kuwa dharau, na mapokezi yenye adabu nyingi na msaada kidogo huzidisha uchungu, lakini sababu yake ni ya kitaalamu.

Kijiti hicho, kinachobadilika rangi kikichovywa, hakiwezi kutofautisha bakteria wanaoishi tu kibofuni na wale wanaoleta maradhi. Kuwa na bakteria bila maumivu wala homa huitwa bakteriuria isiyo na dalili, hali inayoongezeka kwa mwanamke estrojeni inapopungua baada ya kukoma hedhi, na kwa mwanamume tezi dume inapovimba na kuacha mkojo kibofuni. Katika makao ya wazee huonekana kwa asilimia 25 hadi 50 ya wanawake, na kwa karibu kila aliyewekewa mpira wa mkojo kwa muda mrefu. Mwongozo wa mwaka 2019 wa chama cha Marekani cha wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza unashauri wazee hao wasitibiwe, kwa kuwa antibaiotiki haziwapi nafuu, bali huzalisha usugu wa dawa na huweza kuleta kuhara kwa bakteria aitwaye Clostridioides difficile, kunakoweza kumuua mzee.

Kwa hiyo desturi ya kuita kila uchovu UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kisha kufungasha siprofloksasini begini pamoja na dagaa, haina utetezi, hasa kwa kuwa dawa hiyo huweza kukata kano za waliozidi miaka 60.

Uingereza nayo haikosi lawama. Tangu Januari 2024 mfamasia wa England anaweza kumtibu UTI isiyo na matatizo mwanamke wa miaka 16 hadi 64, lakini bibi wa miaka 70 anayeungua kweli akikojoa hurudishwa kwa daktari, yaani kwenye foleni ya simu ya asubuhi. Hapo familia nyingi husita kwa hofu ya bili, kwa sababu mgeni hutozwa asilimia 150 ya gharama za matibabu mengi ya hospitali. Hata hivyo kumwona daktari wa kawaida hakutozwi, na ni kusubiri ndiko humfikisha mzee wodini, kwenye bili yenyewe.

Anayepiga simu asitaje UTI, ataje dalili: kuungua kulianza lini, homa, kutetemeka, maumivu ya ubavuni. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kunahitaji daktari siku hiyohiyo, ingawa chanzo huweza kuwa choo kigumu, dawa mpya au kukosa maji, na mkojo wenye harufu tu hudai maji kwanza, kwani wazee wengi huacha kunywa wakihofia ngazi na baridi ya usiku. Daktari asipopatikana, namba ni 111.