Pistoni Ipi Itafaa? Hotuba kwa Wenye Mashine za Kusaga wa Dumila

Neno letu la leo ni dogo kwa kulitaja, lakini ni kubwa kwa faida yake. Twataka kusema juu ya kuchagua pistoni wakati injini inapofunguliwa na kujengwa upya, na juu ya hesabu ambayo mafundi wengi huiacha, yaani hesabu ya mgandamizo.

Pengine mtu atauliza, Kwa nini hotuba ya namna hii iletwe Dumila? Jibu ni hili. Dumila ni njia panda. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma yapita hapa, na njia za kwenda Kilosa na Turiani zaanzia hapa na jirani yetu Magole. Mahindi na mpunga wa vijiji vya pande zote huletwa huku, na katika vijiji vilivyo mbali na nguzo za umeme husagwa kwa injini za dizeli. Injini ikisimama, akina mama huchukua debe kichwani kwenda kijiji cha pili. Tena spea hazipatikani siku zote. Mnakumbuka Januari 2014, mafuriko yalipoikata barabara kuu hapa kwetu, magari yakasimama pande zote mbili. Siku kama hizo mtu hawezi kusema, Nitapeleka pistoni hii nikabadilishiwe. Basi yapasa aliyonunua iwe ndiyo.

Kwanza na tueleze maana ya mgandamizo. Pistoni ikiwa chini kabisa katika silinda, juu yake kuna nafasi kubwa iliyojaa hewa. Ikipanda hata mwisho wake, hewa ile yote husongwa katika nafasi ndogo iliyobaki. Chukua nafasi ile kubwa uigawe kwa nafasi ile ndogo: jawabu ndilo liitwalo uwiano wa mgandamizo. Ikiwa nafasi kubwa ni mara 20 ya ndogo, twasema uwiano ni 20 kwa 1.

Katika injini ya petroli moto huwashwa kwa plagi, na uwiano wa 9 au 10 watosha. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha. Rudolf Diesel wa Ujerumani, ambaye injini yake ilifanya kazi vizuri mwaka 1897 katika mji wa Augsburg, alitumia jambo ambalo kila mtu aliyejaza upepo baiskeli amelihisi mkononi: hewa ikishindiliwa hupata joto. Ikishindiliwa sana hupata joto la mamia ya digrii, na mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Kwa hiyo katika dizeli mgandamizo ndio kiberiti. Ukipungua, kiberiti kimelowa.

Sasa twataka kuungama kosa letu wenyewe, ili lisiwe kosa lenu. Tulifungua injini ya kusagia iliyochoka, moja ya zile za China zenye silinda moja iliyolala, ambazo ni nyingi katika nchi yetu. Kibao chake kiliandikwa S195. Tarakimu ya kwanza ni hesabu ya silinda, na 95 ni kipenyo chake kwa milimita. Tulinunua pistoni mpya ya milimita 95. Pini yake iliingia vema katika konrodi, ringi zikakaa, nasi tukafunga kwa furaha. Adhuhuri iliwaka kwa taabu. Alfajiri ya pili vijana wawili wenye nguvu walizungusha hendeli mpaka jasho likawatoka, wala haikuwaka. Ilitoa moshi mweupe tu. Tukabadili nozeli. Tukapanga upya majira ya pampu. Tukanunua ringi nyingine. Siku tatu zikapita, na wenye mahindi yao wakaenda zao.

Mwisho tuliifungua tena, tukaweka pistoni ya zamani na mpya pamoja juu ya meza. Ya zamani ilikuwa na vibonde visivyo na kina kichwani. Mpya ilikuwa na shimo kama bakuli. Ndipo tukafahamu. Injini za ukubwa huo ziko za namna mbili. Namna moja hunyunyiza mafuta katika chumba kidogo kilichomo ndani ya kifuniko cha silinda, ambacho mafundi hukiita silinda hedi. Pistoni yake haihitaji bakuli. Namna ya pili hunyunyiza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, na bakuli lile ndilo mahali pa kuwakia. Sisi tulikuwa na silinda hedi ya namna ya kwanza na pistoni ya namna ya pili. Kipenyo kilikuwa sawa, lakini nafasi ya hewa ilikuwa imezidi.

Hapo twawaomba walimu watusaidie, maana hesabu hii ni ile ile wanayoifundisha watoto: eneo la duara na ujazo wa mcheduara. Kipenyo ni sentimita 9.5, basi nusu yake ni 4.75. Mwendo wa pistoni, kutoka chini hata juu, ni sentimita 11.5. Zidisha 3.14 kwa 4.75 kwa 4.75 tena kwa 11.5: utapata karibu sentimita za ujazo 815. Hiyo ndiyo hewa inayosukumwa na pistoni.

Nafasi inayobaki juu hukusanywa katika sehemu tatu. Katika injini yetu chumba cha silinda hedi kilichukua sentimita za ujazo 32. Vibonde vya pistoni ya zamani 5. Na mwanya mwembamba baina ya pistoni na silinda hedi, pamoja na unene wa gasketi, 6. Jumla ni 43. Sasa jumlisha 815 na 43, upate 858. Gawanya kwa 43: jawabu ni karibu 20. Huo ndio uwiano uliokusudiwa na waliotengeneza injini ya aina hii.

Fanya hesabu ile ile kwa pistoni mpya. Bakuli lake lilichukua 26 mahali pa 5. Jumla ya nafasi ndogo ikawa 64. Jumlisha 815 na 64, upate 879. Gawanya kwa 64: jawabu ni 13.7 tu. Si ajabu vijana walichoka! Hesabu ya robo saa ingalituokoa siku tatu na fedha za nozeli na ringi zisizokuwa na kosa.

Mtu mwingine akiona injini haina nguvu husema, Nitatia gasketi mbili, au, Nitakereza silinda hedi. Na apime kwanza. Katika silinda ya milimita 95, kila milimita moja ya unene huongeza au hupunguza karibu sentimita za ujazo 7. Ukizidisha unene wa gasketi kwa milimita moja, nafasi ya 43 itakuwa 50, na uwiano utashuka kutoka 20 hata 17.3. Ukipunguza unene huo kwa nusu milimita, nafasi itakuwa 39.5, na uwiano utapanda hata 21.6. Kupanda huku si faida ya bure. Valvu husogea karibu na pistoni na huweza kugongana nayo, hendeli huweza kurudi kwa nguvu na kuvunja mkono, gasketi huungua, na beringi hupigwa kama kwa nyundo. Mwenye kuongeza mgandamizo bila kipimo ameongeza mzigo bila kuuliza kama mbebaji ataweza.

Na je, pistoni zilizoongezwa kipenyo? Pikipiki nyingi za bodaboda zina silinda ya milimita 56.5 na mwendo wa 49.5, yaani ujazo wa sentimita 124. Silinda ikilika hukerezwa na kutiwa pistoni iliyozidi kwa robo milimita, au nusu, hata milimita moja. Tuseme imezidi nusu, yaani 57.0. Ujazo utakuwa 126. Kama uwiano ulikuwa 9, sasa utakuwa kadiri ya 9.1. Tofauti ni ndogo. Basi shikeni neno hili: kipenyo kikizidi kidogo, uwiano hubadilika kidogo, umbo la kichwa cha pistoni likibadilika, uwiano huweza kubadilika sana. Tena mnunue pistoni kwanza ndipo mkereze silinda, maana silinda hukerezwa kuifuata pistoni iliyomo mkononi, wala si ile inayotarajiwa kuja kutoka mjini.

Jinsi ya kupima si vigumu. Twaa bomba la sindano jipya lenye alama za mililita, maana mililita moja ni sawa na sentimita moja ya ujazo. Twaa kipande cha kioo au plastiki ngumu chenye tundu dogo. Pindua silinda hedi, valvu zikiwa zimefungwa na nozeli ikiwa mahali pake. Paka grisi nyembamba ukingoni, weka kioo juu, na utie mafuta ya taa kwa sindano hata yajae pasipo povu. Hesabu mililita ulizotia. Fanya vivyo hivyo kwa shimo la pistoni. Mwanya wa juu hupimwa kwa waya laini wa kulehemu: weka vipande viwili vidogo juu ya pistoni, funga silinda hedi na gasketi yake, zungusha injini polepole kwa mkono mara moja, fungua, na upime unene wa waya uliobanwa. Unene huo, kwa sentimita, uzidishe kwa eneo la duara la silinda. Jumla ya vipimo vitatu ndiyo nafasi yako ndogo.

Kabla ya kutoa fedha dukani, weka pistoni ya zamani kando ya mpya na uangalie mambo matano. La kwanza, kipenyo, kwa kipimo cha maikromita wala si kwa macho. Injini za Lister za Kiingereza zenye kipenyo cha inchi nne na nusu ni milimita 114.3, na za China za namba 1115 ni milimita 115. Macho hayawezi kuzitenga, lakini silinda itazitenga kwa kukwama. La pili, kipenyo cha pini. La tatu, urefu kutoka katikati ya pini hata kichwani, maana pistoni ikiwa fupi kwa milimita moja ni sawa na gasketi iliyozidi milimita moja. La nne, umbo la kichwa, kama tulivyosema. La tano, hesabu ya ringi na unene wake. Na ringi zenyewe zitiwe peke yake ndani ya silinda ili mwanya wa ncha zake upimwe kwa fila na kulinganishwa na kitabu cha injini. Ukibana mno, ringi ikipata moto itakosa pa kukulia na itakwaruza silinda.

Lakini msije mkadhani kwamba uwiano ndio kila kitu. Uwiano ni hesabu ya nafasi. Kuizuia hewa isitoroke ni kazi ya ringi na valvu. Injini yenye uwiano sahihi na ringi zilizokwisha itakataa kuwaka vile vile. Na hapa kwetu ringi huliwa na vumbi la pumba na la barabara. Chujio la hewa likisafishwa kwa zamu, pistoni haitahitajiwa mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Enyi wenyeviti, mashine ya kijiji ikifunguliwa, mwambieni fundi aandike katika daftari: namba ya injini, kipenyo cha pistoni aliyotia, nafasi iliyobaki juu, na uwiano alioupata. Fundi ajaye baada ya miaka mitano atawashukuru. Enyi walimu, waiteni watoto wa darasa la saba waione pistoni na kuihesabu. Wataona kwamba duara la ubaoni ndilo linalowasagia unga. Na kijana apendaye kazi hii ajue kwamba pale Kihonda, Morogoro, kuna chuo cha VETA kinachofundisha ufundi wa magari.

Ile pistoni yenye bakuli twaiweka mezani mpaka leo. Kila ajaye kutuomba tumfungulie injini yake, twampa aishike kwanza, kisha twampa bomba la sindano. Tumekwisha. Mwenye swali na aulize, na mwenye pistoni mkononi na ailete tuipime pamoja.