Jirani Akikugeuka

Msikilizaji wa Lupepo na Rungwe yote, kama jirani hakusalimii tena, au kila msimu anausogeza mpaka wa migomba, leo tunasema nawe.

Mwanzo sura ya 26 inamsimulia Isaka huko Gerari. Wachungaji wa pale waligombania kisima chake. Akachimba kingine, nacho wakakigombania. Cha tatu hakikugombaniwa. Baadaye mfalme Abimeleki alimfuata kutaka amani, na Isaka, jamani, akamwandalia karamu!

Tuombe. Bwana, ondoa hofu nyumbani mwetu na uchungu mioyoni mwetu. Mbariki jirani yetu, shamba lake na watoto wake. Amina.

Ukishaomba, mwone balozi. Kama ni ardhi, Baraza la Kata husuluhisha; tangu 2021 halitoi hukumu. Likishindwa kupatanisha ndani ya siku 30, fungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wala usimwite jirani mchawi: Sheria ya Uchawi inahesabu tuhuma hiyo kuwa kosa, na maneno hayo yameua wazee wengi nchini.

Jumapili hii mwombe mzee wa kanisa akusindikize, mkamsalimie jirani yako.