Mashini za zamani tusizitupe: maneno tuliyotoa kwenye mkutano wa wanachama

Mlituuliza: zile ordinatere tulizorudi nazo toka kambini, tuziuze bei ya chuma ao tununue mpya? Sisi tunakataa yote mawili.

Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya usalama ya kawaida tarehe 14/10/2025. Windows 11 nayo inaomba TPM 2.0 na prosesa za karibuni, na mashini zetu nyingi ni za miaka ya 2012 mpaka 2015. Lakini hazijafa! Kioo kinawaka, klavye inafanya kazi. Kununua mpya ni kugusa sanduku la wagonjwa na matanga, na hapo hatukubali.

Iko Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland. Haina leseni ya kulipa. Tumechagua Linux Mint ya Xfce ju ni nyepesi: memori ya giga 2 inatembea, giga 4 inatembea vizuri. Inaongea Kifaransa na inajua AZERTY.

Faili yake ni karibu giga 3, kwa hiyo kila mtu asimalize mega zake. Chama kishushe mara moja, tuweke kwenye kle ya USB, ipite nyumba kwa nyumba. Unawasha mashini kwa hiyo kle bila kugusa diski. Jaribu wifi, sauti, imprimante. Kitu kikikataa, zima, toa kle, Windows yako iko pale pale.

Ila siku ya kuiweka kabisa, ukikubali diski ifutwe, vyote vinaenda. Daftari la michango, majina ya familia, nakala za vyeti vya watoto waliozaliwa ng'ambo: kwanza nakala mbili, pahali pawili tofauti. Hapa hatubishani na mtu. Kisha LibreOffice itafungua barua za Word na hesabu za Excel, hata kama pengine jedwali linasogea kidogo.

Sasa michezo, najua vijana ndiyo mlingojea. SuperTuxKart, mbio za magari, ni ya bure na haiombi intaneti. Mkipunguza ubora wa picha, mashini nyingi za hapa zitaibeba. Tangu 2018 kuna Proton ndani ya Steam, inayochezesha michezo mingi ya Windows. Fortnite na Valorant, hapana, hazikubali Linux. Wazee wananung'unika, lakini mtoto anayecheza anazoea klavye bila mwalimu.

Tutaanza Jumamosi mchana, wakati sola iko na nguvu, ju kura ikikatika katikati ya kazi ni shida. Mashini ya vijana kwanza. Ya katibu itakuwa ya mwisho. Mwenye yake aje nayo, na chaja yake.