KUWATAMBUA SAMAKI WA JAMII YA NGEGE

Mtu akisimama katika soko la samaki mjini Kisumu na kuuliza jina la samaki mpana, mwenye magamba makubwa na pezi la miiba mgongoni, atajibiwa bila kusita, “Huyu ni ngege.” Akiuliza penye karai la pili na la tatu, atajibiwa vivyo hivyo. Walakini huenda katika karai moja wamelala samaki wa aina tatu, kila aina na desturi zake. Kwa mlaji jambo hili si kitu, maana chungu hakiulizi ukoo. Lakini kwa mtu achimbaye bwawa nyumbani kwake akitumaini kuvuna, kosa la kutotambua aina laweza kumpotezea kazi ya mwaka mzima.

Hapo kale Ziwa Victoria lilikuwa na aina mbili tu za jamii hii, nao ni ngege mwenyewe na mbiru. Mwaka wa 1905 zililetwa nyavu za kutega zilizofumwa kwa uzi wa kitani, na uvuvi ukazidi hata samaki wakaanza kupungua. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1950, aina nyingine zilitiwa ziwani kutoka maji mengine. Miongoni mwao walikuwa sato, samaki wa madoa meupe, na samaki wa tumbo jekundu. Sato akastawi na kuenea kila mahali. Ngege na mbiru, ambao ndio wenyeji, wakapungua mno, na leo wote wawili wamo katika hesabu ya viumbe vilivyo karibu kutoweka. Ngege amepata kimbilio katika maziwa madogo ya kando, kama Ziwa Kanyaboli lililo katika kinamasi cha Yala.

Basi yafaa kujua alama za kila mmoja.

Wa kwanza ni sato. Amtazamaye na aanze mkiani. Pezi la mkia wake lina mistari myembamba ya kusimama, iliyopangwa sawasawa toka shina la mkia hata ukingo wake. Mistari hiyo ndiyo alama iliyo nyepesi kuliko zote.

Wa pili ni ngege wa asili. Mkia wake hauna mistari hiyo. Kichwa chake ni kidogo na kinywa chake ni kidogo pia, maana chakula chake ni mimea midogo mno ielea majini, isiyoonekana kwa macho matupu.

Wa tatu ni mbiru. Huyu hutambulikana kwa ukingo wa mapezi yake, ambao ni mwekundu au wa rangi ya chungwa, mgongoni na mkiani. Dume aliyepevuka huwa na kishada kirefu kining’iniacho chini ya tumbo.

Wa nne ni yule wa madoa meupe. Dume wake akiwa katika majira ya kuzaa huwa mweusi, na juu ya weusi huo yametawanyika madoa meupe mwilini na katika mapezi, kama mbingu ya usiku.

Wa tano ni yule wa tumbo jekundu. Kifua chake na tumbo lake hugeuka kuwa jekundu, na ubavuni ana mapande meusi ya kusimama. Mwenye shaka na amfunue matamvua, ahesabu vijino vilivyo upande wa chini wa tao la kwanza. Huyu anavyo vichache, kadiri ya 8 mpaka 12. Wenzake wote wanne wanavyo vingi zaidi.

Yapasa kukumbuka kwamba rangi pekee ni shahidi dhaifu. Samaki hubadilika rangi akiwa na hofu, akiwa katika majira ya kuzaa, na hata akiisha kufa. Tena aina hizi huweza kuzaana na kuleta machotara wenye alama za pande zote mbili. Kwa hiyo mtu asihukumu kwa alama moja, bali azikusanye mbili au tatu.

Sasa yafuata hatari yenyewe. Vifaranga wa aina hizi zote hufanana mno, hata wengi huwa na doa jeusi lile lile katika pezi la mgongo. Mwenye bwawa anunuapo kopo la vifaranga hawezi kujua kwa macho alichonunua. Sato na wenzake watatu hulea mayai kinywani, nayo huhesabika kwa mamia. Samaki wa tumbo jekundu hutaga chini, juu ya mchanga au mawe, na mayai yake hufika maelfu. Akiingia bwawani pamoja na sato, bwawa hujaa wana wake, chakula hugawanyika, na siku ya mavuno mwenye bwawa hupata vidagaa badala ya samaki wa kuuza.

Dawa ya jambo hili ni nyepesi. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aombe kuonyeshwa wazazi wa vifaranga, awatazame mkia, ukingo wa mapezi na tumbo. Auzaye kwa haki hatakataa kuwaonyesha.

Hali kadhalika, mtu asimwage samaki wa bwawa mtoni wala ziwani. Katika Ziwa Naivasha samaki wa jamii hii aliyetoka mto Athi alitiwa mwaka wa 1925, na yule wa madoa meupe akatiwa mwaka wa 1956. Wakazaana, wakaleta machotara, na baadaye yule wa kwanza hakuonekana tena. Kilichochanganywa majini hakichambuliwi kama mchele katika ungo.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kumtazama samaki mmoja mkononi ni kazi ya dakika chache tu, na kulikausha bwawa zima ili kuanza upya ni kazi ya majuma mengi.