Kiangazi cha Chuo Marekani, na Nani Anakilipia

Katika vyuo vingi vya Marekani, masomo ya kiangazi hutozwa kwa kila krediti, na aliyesoma mihula miwili kamili hufika Juni akiwa amekwisha kutumia msaada wake wa mwaka. Ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, isiyorudishwa, ndiyo tegemeo la wanafunzi wa kipato cha chini. Bunge liliwahi kuruhusu nyongeza ya kiangazi, likaifuta mwaka 2011 kwa hoja ya gharama, likairudisha 2017. Sasa mwanafunzi anaweza kupata hadi asilimia 150 ya fungu lake la mwaka, mradi asome angalau nusu ya mzigo wa kawaida.

Kuirejesha kulikuwa haki. Kiangazi ndicho kinachomwokoa mzazi anayesoma huku akifanya kazi. Hata hivyo kuna ukomo wa maisha, sawa na mihula 12 ya masomo kamili, na nyongeza hiyo inakatwa humo humo. Hilo mwanafunzi aambiwe mapema, kabla hajajiandikisha.

Mkimbizi kutoka Kongo aliyepokewa rasmi anaweza kuomba ruzuku hii. Kijana aliyetoka Nairobi au Dodoma kwa viza ya masomo hapati hata senti. Huyo, kabla familia haijauza shamba, aulize kwanza ofisi ya fedha ya chuo tarehe ya mwisho ya kuacha somo na kurudishiwa ada. Muhula wa kiangazi ni mfupi, na tarehe hiyo huja upesi.