Kabla ya Kununua Dawa ya Mifupa

Mazungumzo ya mfamasia na wakazi wa Asumbi



Wengi wenu mmeniuliza: tembe za kalisiamu na vitamini D zinasaidia mifupa kweli? Humsaidia aliyepungukiwa. Asiyepungukiwa hapati kinga ya maana.

Jambo hili limepimwa. Nchini Marekani, wanawake zaidi ya 36,000 waliokoma hedhi walifuatiliwa kwa takriban miaka saba. Nusu walimeza kalisiamu na vitamini D, nusu tembe zisizo na dawa. Matokeo ya mwaka 2006 hayakuonyesha kwa uhakika kwamba kuvunjika nyonga kulipungua, ila vijiwe vya figo viliongezeka. Mwaka 2022, utafiti wa watu zaidi ya 25,000 ulionyesha kuwa vitamini D peke yake haikupunguza kuvunjika mifupa.

Kwa hivyo tuanze jikoni. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalisiamu kwa siku. Mama aliyepita miaka 50, 1,200. Omena tunaila nzima, na kalisiamu imo kwenye mifupa yake. Ongeza maziwa, sukuma wiki na saga. Jua huupa mwili vitamini D, na kutembea na kulima huimarisha mifupa.

Wapo wanaohitaji tembe: mtoto mwenye matege, mzee asiyetoka nje, au aliyevunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu. Hao wapimwe na waandikiwe kiasi chao kliniki.

Sasa usalama. Ukimeza ARV yenye dolutegravir pamoja na kalisiamu tumbo likiwa tupu, ARV haiingii mwilini vizuri na virusi vinaweza kupata nafasi. Zimeze zote mbili pamoja na chakula. La sivyo, meza ARV masaa mawili kabla ya kalisiamu, au masaa sita baada yake. ARV usiiache kamwe. Kalisiamu pia hugongana na dawa za tezi la shingo, tembe za madini ya chuma na baadhi ya antibiotiki.

Tena, jihadhari na dawa ya maungo inayoondoa maumivu ghafla. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu virutubisho vya maungo vilivyokuwa na steroidi iitwayo deksamethasoni, bila kutajwa kwenye lebo. Steroidi ikitumiwa muda mrefu huidhoofisha mifupa ile ile uliyotaka kuikinga. Ikiwa umeitumia kwa muda, usiiache ghafla. Nenda hospitali wakuelekeze jinsi ya kuipunguza.

Ombi langu ni moja. Siku ya kliniki, beba dawa zako zote, hata za mitishamba na za sokoni. Hatutakugombeza. Tunataka tu kuona kama zinapatana.