FAIDA YA MUZIKI KWA MOYO NA MWILI WA MTUMISHI

(Hotuba iliyosomwa na Mtunza Hazina mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi. Yapigwa chapa hapa kwa ombi la wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Wengi wenu mwakumbuka ya kwamba katika mkutano mkuu uliopita lililetwa ombi la kununua ngoma mbili, fidla moja na kinanda cha mkono kwa fedha za Chama. Mimi, kwa kuwa ndimi mtunza hazina, nilisimama nikalipinga. Nilisema ya kuwa fedha hizi ni za wagonjwa na za mazishi, na ya kuwa Chama hiki ni cha makarani wala si cha wacheza ngoma. Mlinipigia makofi, na ombi likaanguka. Leo nimekuja kuwaambia ya kwamba nilikosea, na kuwaeleza jinsi nilivyolijua kosa langu.

Mmoja wa waliotia sahihi ombi lile ni kaka yangu, karani mstaafu, ambaye wengi wenu mlifanya kazi pamoja naye. Miezi mitatu baada ya mkutano alipatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kuume vililegea, na maneno yakampotea. Alifahamu yote tuliyomwambia, walakini kila alipotaka kujibu lilitoka neno moja tu, "Basi, basi," huku machozi ya hasira yakimlengalenga. Mtu aliyeandika barua za ofisi nzima kwa miaka thelathini hakuweza kuomba maji ya kunywa.

Alasiri moja shangazi yetu alikuja kumtazama. Aliketi kando ya kitanda, akawa anaimba taratibu wimbo ambao mama yetu alikuwa akitubembelezea tulipokuwa wachanga. Kaka akaanza kumfuata kwa sauti ya puani. Kisha, mbele ya macho yetu, akaimba maneno yote, moja baada ya moja, pasipo kukwama. Wimbo ulipokwisha nikamwuliza, "Kaka, wajionaje?" Akanijibu, "Basi."

Nilidhani ni mwujiza. Daktari aliniambia ya kuwa si mwujiza, bali ni jambo lijulikanalo tangu zamani. Mwaka 1745 Olof Dalin wa Uswidi aliandika habari za mtu aliyepotewa na usemi kwa maradhi, naye akaweza kuimba nyimbo za ibada alizozijua kabla ya kuugua. Sababu yake ni hii: kwa watu wengi kusema hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo, bali kuimba hutumia pande zote mbili. Upande wa kushoto ukiumia, pengine neno lililofungiwa mlango wa mbele hutoka kwa mlango wa nyuma, likichukuliwa na wimbo.

Mwaka 1973 wataalamu watatu wa Marekani, Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm, walieleza njia ya kuwafundisha wagonjwa wa namna hii. Mgonjwa huimba maneno mafupi ya haja zake, huku mkono wake wa kushoto ukigonga mapigo; kisha wimbo hupunguzwa kidogo kidogo mpaka yabaki maneno matupu. Hivyo ndivyo alivyofundishwa kaka yangu. Leo aweza kusema "Nataka maji," na "Nipe fimbo," na "Karibuni." Hajapona kabisa, wala sisemi ya kuwa muziki huponya kila ugonjwa. Atakayewaambia hivyo, mkimbieni. Shinikizo la damu hupimwa hospitali, halipimwi ngomani, na dawa ya daktari haina badala.

Lakini, Mabwana na Mabibi, faida hii si ya wagonjwa peke yao. Hebu tujitazame sisi wenyewe. Tangu asubuhi hata jioni twakaa tumeinama mezani, mabega yamekaza, pumzi fupi, ulimi kimya. Tukikemewa na mkubwa hatuna ruhusa ya kujibu, basi hasira twaichukua hata nyumbani, na watoto hawajui wamekosa nini. Mwenye kuimba hana budi kuvuta pumzi ndefu na kuitoa polepole, na pumzi ikitulia, moyo nao hupunguza mbio. Mwaka 2013 wataalamu wa Göteborg, huko Uswidi, waliwapima vijana walipokuwa wakiimba pamoja, wakaona ya kuwa mioyo yao iliongeza mwendo na kupunguza mwendo kwa pamoja, kwa kuwa pumzi zao zilifuata wimbo mmoja.

Wazee wetu waliyajua haya pasipo vipimo. Mabaharia wakitweka tanga huimba, na kina mama wakitwanga hupokezana wimbo, kwa maana pigo la wimbo hukusanya nguvu za wengi zikawa moja, na uchovu husahauliwa. Kwa njia iyo hiyo madaktari wa siku hizi huwatembeza wenye maradhi ya Parkinson kwa pigo la ngoma au la muziki, na wengi wao hupiga hatua iliyo ndefu zaidi na ya sawasawa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa iliyokusanya matokeo ya uchunguzi zaidi ya 3,000 juu ya muziki na sanaa nyinginezo, ikaeleza ya kuwa zina msaada katika kuzuia maradhi na katika kuwatunza walio wagonjwa.

Wala si jambo geni katika hospitali. Huko Edirne, katika nchi ya Uturuki, Sultani Bayezid wa Pili alijenga hospitali iliyokamilika mwaka 1488. Msafiri Evliya Çelebi, aliyeiona katika karne ya 17, aliandika ya kwamba waimbaji na wapiga vinanda waliwekwa pale kwa ajili ya wagonjwa, hasa wale waliovurugika akili.

Sasa narudi katika lile neno langu la mwaka jana, ya kuwa fedha za mazishi na ngoma haziwezi kukaa nyumba moja. Nilikuwa nimesahau habari zetu wenyewe. Vyama vya beni, kama Marini na Arinoti, vilivyoenea kutoka pwani ya Kenya mpaka Tanganyika katika miaka ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 na baadaye, havikuwa vya kucheza tu. Wanachama walisaidiana katika maradhi na wakazikana, na makarani walikuwamo. Kadhalika Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, kipo hata leo. Watu waliozoea kuimba pamoja hujuana, na asiyeonekana Jumamosi huulizwa hali yake. Je, sisi twawaulizia wangapi? Kaka yangu alilala siku kumi na tisa kabla mwanachama mmoja hajabisha hodi, nami nilikuwa nikipokea michango ya wote.

Kwa hiyo naleta hoja hii. Kwanza, hazina ya wagonjwa na mazishi isiguswe hata senti moja. Pili, atakaye na achange kwa hiari katika daftari la pili, ambalo nitalitunza mimi mwenyewe. Na mpaka zitakapopatikana fedha tuanze na ngoma za kuazima. Tatu, chumba hiki kifunguliwe kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, tangu saa kumi na moja jioni hata saa mbili usiku, na kila ajaye aimbe, asikae kusikiliza tu. Nne, vipaza sauti visiletwe, kwa maana vinywele vidogo vya sikio la ndani vikifa kwa makelele haviponi tena. Tena mwenye sauti mbaya asione haya, maana mimi nitakuwako.

Kaka yangu ameomba awekewe kiti karibu na ngoma, na ombi hilo alilitamka kwa kinywa chake mwenyewe.

Bwana Rais, natoa hoja.